Jibu: kwa nini fedha iliyovukizwa kwenye kioo cha moto hutoka na rangi ya zambarau

Ndugu, umeeleza kwamba ulivukiza madini ya fedha ndani ya ombwe (chumba kilichoondolewa hewa) ili mvuke wake utue kama utando wa nanomita 20 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) juu ya vioo viwili: kile cha baridi kiling'aa na kupitisha umeme, ilhali kile ulichokipasha hadi nyuzi 200 za Selsiasi huonekana cha zambarau kikielekezwa kwenye mwanga, na hakipitishi umeme kabisa. Unashuku kwamba ombwe lilikuwa chafu. Sidhani, kwa maana katika maabara niliyofanyia kazi nimeyaona hayo hayo mara nyingi, hata pampu zikiwa salama.

Atomu za fedha hupenda kushikana zenyewe kwa zenyewe kuliko kutandaa juu ya kioo, kama maji yanavyojikusanya juu ya jani la mgimbi. Kioo kikiwa baridi, atomu inayotua haifiki mbali, kwa hiyo huanza makundi mengi madogo yaliyokaribiana, ambayo huungana yakifikia unene wa nanomita kumi na kitu. Kioo kikiwa cha moto, atomu husafiri hadi zikute kundi lililokwisha kuanza, na matokeo yake ni visiwa vichache, vikubwa, vilivyoachana. Fedha huyeyuka kwenye kelvini 1,235 hivi, nawe ulikuwa kwenye kelvini 473 (ndizo hizo nyuzi 200 za Selsiasi), yaani asilimia 38 ya kiwango hicho, joto linalotosha kabisa kuzitembeza atomu juu ya uso.

Rangi nayo hutokana na visiwa hivyo. Elektroni huru ndani ya kila kimoja hutikisika kwa pamoja na kufyonza mwanga wa urefu fulani wa wimbi. Visiwa vidogo vya mviringo hufyonza karibu na nanomita 400, na utando huonekana wa manjano. Vikiwa vikubwa na bapa, ufyonzaji husogea hadi kati ya 500 na 600, kijani hupotea, na macho hubakiwa na bluu na nyekundu. Pima spektra ya upitishaji, yaani kiasi cha mwanga unaopita kwa kila urefu wa wimbi: ukikuta bonde pana hapo, hadubini ya elektroni haitakuongezea mengi.

Ukitaka uakisi mzuri, usipashe kioo joto, na vukiza haraka, walau nanomita 1 kwa sekunde. Kuongeza unene juu ya kioo cha moto hurudisha umeme, lakini uso hubaki usio laini na utando huwa na ukungu mweupe kwa sababu ya kutawanya mwanga. Tena angalia kipimajoto chako kimefungwa wapi. Kikiwa kwenye hita, kioo chenyewe huenda kiko chini ya hizo 200, maana ndani ya ombwe hakuna hewa ya kusaidia kupeleka joto.