Jina la Bakteria Halikwambii Anakula Nini

Wiki iliyopita makala yangu ya kwanza ya utafiti ilikubaliwa. Siku hiyohiyo nikapata ujumbe wa mdogo wangu mmoja anayesoma uzamili: "Dada, bakteria wangu wametoka Pseudomonas kwa asilimia 99. Naweza kuandika kwamba wanasafisha mafuta kwenye tope?"

Mdogo wangu, usiandike. Pseudomonas ni jina la kundi la bakteria tu. Niliandika mimi, na nilikiona.

Tope langu nililichota kwenye mikoko ya Mtoni, Dar es Salaam, maji yakiwa yamekupwa, miguu imezama hadi magotini, harufu ya mayai viza imejaa puani. Juu kulikuwa na utando mwembamba wa kahawia, chini yake tope jeusi tii. Nikachanganya yote kwenye mfuko mmoja. Huko juu kuna oksijeni. Kwenye weusi haimo, na bakteria wengi wa humo wanapumua salfeti badala yake. Nilichanganya miji miwili nikaiita mmoja. Tenganisha matabaka hukohuko matopeni, andika na kina chake.

Kisha PCR, mbinu ya kunakili DNA, ikakataa. Miezi mitatu jeli tupu! Kumbe asidi za humasi, yaani za mabaki ya mimea yaliyooza, zilizotoka na DNA ndizo zilizuia kimeng'enya. Nilipozimua DNA mara 10 na kuongeza albumini ya ng'ombe, ambayo ni protini, mstari ukatokea palepale kwenye jozi za besi 1,500, urefu niliousubiri. Nililia. Zimua kwanza, kabla hujaomba hela ya vifaa vipya.

Jeni ya 16S rRNA, inayotumika kutambua aina za bakteria, ikasema Pseudomonas, nami nikatangaza ukumbini kwamba hawa wanakula nafthalini, kemikali mojawapo iliyomo kwenye mafuta. Mzee mmoja akauliza: "Umewaona wakila?" Ukumbi mzima ukacheka. Swali lilikuwa la haki. Kicheko hakikuwa cha haki, na mpaka leo kinaniuma.

16S ni jina la ukoo. Carl Woese na George Fox waliitumia molekuli hiyo mwaka 1977 kuonyesha kwamba arkea, viumbe vidogo vinavyofanana na bakteria kwa umbo, ni tawi la pekee la uhai, kwa hiyo siidharau. Ila jeni za kula nafthalini mara nyingi zimo kwenye plazmidi, vipande vya DNA vya pembeni, kama NAH7 ya Pseudomonas putida, na plazmidi huhama kutoka seli hadi seli. Ndugu wawili wa spishi moja, mmoja anakula, mwenzake hawezi. Tena kwa Pseudomonas, 16S haitenganishi vizuri spishi zinazokaribiana. Ongeza jeni za gyrB na rpoD, zinazotenganisha spishi vizuri zaidi. Halafu tafuta nahAc, jeni ya kazi yenyewe.

Na uwaone wakila. Niliwaotesha bila sukari, punje za nafthalini kwenye kifuniko cha sahani, chumba kikanuka kama kabati la nguo za bibi. Waliokua nikawapa indoli, kemikali ambayo kimeng'enya cha kula nafthalini huigeuza kuwa rangi ya nili. Asubuhi nilikuta koloni saba zimegeuka buluu, nili kabisa! Rangi peke yake haitoshi, maana vimeng'enya vingine vya jamii hiyo hutoa nili pia. Lakini nahAc ilikuwemo katika zote saba.

Sisi tunaosoma kwa fedha za kuungaunga tunakimbilia jina kwa sababu jina linapatikana haraka. Tusikubali. Watu wanaoishi kando ya tope lile wanastahili ukweli tuliouona kwa macho.

Sahani ile ninayo picha yake, na nahAc za Mtoni nitakutumia ulinganishe na zako. Nitumie kwanza kina ulichochotea.