Maswali ya Wasomaji: Wahafidhina wa Marekani Wanataka Nini Badala ya Matibabu ya Serikali?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila nifuatiliapo mjadala wa huduma za afya nchini Marekani, nawasikia wahafidhina wakipinga serikali kuendesha matibabu, lakini sijapata kuelezwa wanataka nini badala yake. Je, wana mpango wao, au wanajua kupinga tu?

JIBU: Ndugu msomaji, mipango wanayo, na mingi imejengwa juu ya swali moja: fedha za matibabu ziwe mikononi mwa nani? Ili kulielewa swali hilo huna budi kurudi hadi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Marekani ilipodhibiti mishahara kwa sheria ya mwaka 1942. Waajiri waliokuwa wakigombea wafanyakazi, na wasioruhusiwa kuwaongezea mshahara, wakaanza kuwavutia kwa bima ya afya. Na ilipofika mwaka 1954, sheria ya kodi ikathibitisha kwamba mchango wa mwajiri katika bima ya mfanyakazi hautozwi kodi ya mapato. Hivyo ndivyo bima ilivyofungamana na ajira. Aliyeajiriwa na kampuni kubwa akafaidi, ilhali yule ambaye mwajiri wake hakutoa bima akajinunulia kwa fedha iliyokwisha kukatwa kodi, na aliyeachishwa kazi akajikuta katika hatari ya kukosa mshahara na matibabu kwa pamoja. Wengi hudhani kwamba soko la bima la Marekani liliachwa huru kabisa. Wahafidhina makini hulikana hilo, nami naona wana haki.

Dawa wanayopendekeza ni nafuu hiyo ya kodi imfuate mwananchi, isimfuate mwajiri. Mwaka 2007 Rais George W. Bush wa chama cha Republican, ambacho ndicho cha wahafidhina, alipendekeza kwamba familia yenye bima, iwe imeipata kazini au imejinunulia, ipunguziwe dola 15,000 katika mapato yake yanayotozwa kodi. Mwaka uliofuata John McCain, akiwania urais, alipendekeza kila familia ipewe ruzuku ya dola 5,000 ya kununulia bima kupitia mfumo wa kodi, na mtu mmoja dola 2,500. Mapendekezo haya mawili yanafanana kwa mbali tu. La Bush lilimpa zaidi mwenye mapato makubwa, kwa sababu kadiri kiwango cha kodi ya mtu kinavyopanda ndivyo anavyookoa zaidi. La McCain lilitoa kiasi kilekile kwa mwenye nacho na asiye nacho. Kwangu la McCain ndilo la haki zaidi, ingawa kiasi chenyewe hakikutosha, maana mwaka huo wastani wa gharama ya bima ya familia iliyopatikana kazini ulizidi dola 12,000.

Pendekezo jingine lilikwisha kuwa sheria. Mwezi Desemba 2003 Bush alitia saini sheria iliyoanzisha akaunti ya akiba ya matibabu, ambayo mtu huweka fedha isiyotozwa kodi, mradi bima yake iwe ya aina inayomtaka alipe mwenyewe gharama za mwanzo hadi kiwango fulani. Mwaka 2025 familia iliruhusiwa kuweka hadi dola 8,550. Akiba isiyotumika haipotei mwaka unapokwisha, na mwenyewe huhama nayo anapobadili kazi. Wanaoitetea husema kwamba anayelipa kwa fedha yake huuliza bei, na ndiyo maana walifurahia kanuni iliyoanza tarehe 1 Januari 2021, inayozitaka hospitali zitangaze bei zao. Hoja hiyo ina nguvu kwa kipimo kinachoweza kusubiri wiki mbili. Haina nguvu kwa aliyebebwa na ambulensi akiwa hajitambui, wala kwa familia ambayo mapato yake hayaachi kitu cha kuweka.

Kuhusu pendekezo lao jingine, la kuruhusu bima ya jimbo moja iuzwe jimbo jingine, jimbo la Georgia lilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2011, na hakuna kampuni iliyokuja, kwa kuwa kila kampuni ingelazimika kwanza kutafuta mikataba na madaktari na hospitali za huko.

SWALI: Na aliyekwisha kuugua, nani atakubali kumkatia bima?

JIBU: Hapo ndipo penye uzito, na ndipo wahafidhina wengi walipopita haraka mno. Kabla ya sheria ya Rais Barack Obama ya mwaka 2010, katika majimbo mengi kampuni iliweza kumkataa anayejinunulia bima kwa sababu ya kisukari au saratani, jambo ambalo sheria hiyo ililikataza. Mbadala wa kihafidhina ulikuwa mfuko maalumu wa wagonjwa wa namna hiyo. Minnesota na Connecticut walianza mwaka 1976, na hatimaye majimbo 35 yakawa na mifuko hiyo. Wazo halikuwa baya. Kilichokosekana ni fedha. Florida iliacha kupokea wanachama wapya mwaka 1991, na California iliweka watu kwenye orodha ya kusubiri, jambo ambalo mgonjwa wa saratani hana muda nalo. Jaribio la kufuta sehemu za sheria ya 2010 liliposhindwa katika Seneti tarehe 28 Julai 2017 kwa kura 49 dhidi ya 51, McCain alikuwa miongoni mwa maseneta watatu wa Republican waliolipinga.

Ukiniuliza ni mbadala upi ningeutetea, nitakutajia wa Alaska. Jimbo hilo lilianzisha bima mtawanyo, yaani mfuko unaozilipia kampuni za bima gharama za wagonjwa wachache wenye maradhi ya gharama kubwa, ili gharama hizo zisipandishe mchango wa kila mtu. Mwaka 2017 serikali kuu ilikubali kuuchangia, na mwaka 2018 michango ya wanaojinunulia bima huko ikashuka. Kampuni zilibaki za binafsi, mgonjwa hakutengwa na wenzake, na fedha zilitolewa kweli.