Uwele wangu wa mapambo umebaki kijani, nipulizie busta?

SWALI: Bwana shamba, shikamoo. Nilisia mbegu za uwele wa mapambo, aina ya Purple Majesty. Kwenye pakiti majani ni zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi. Miche yangu ina wiki tano, bado iko kwenye trei barazani ili jua lisiiunguze, na ni kijani kama mahindi. Shemeji amenishauri busta, yaani mbolea ya maji ya kupulizia majani, ili kuleta rangi, na nimeshainunua. Nipulizie mara ngapi?

JIBU: Marahaba. Usipulizie hata tone.

Miche ya aina hii huota ikiwa kijani, yote. Zambarau huja baadaye, jani linapopigwa na jua lenyewe, si mwanga wa barazani. Jani ndilo linalojitengenezea rangi hiyo, haimo kwenye chupa. Wewe umeificha miche, halafu unainunulia dawa ya kuugua kivuli! Itoe nje kidogo kidogo kwa wiki moja, ukianza na jua la asubuhi, kisha iache mahali inapopata jua kwa muda wa masaa sita au zaidi kila siku. Usiharakishe tu kama usiku bado kuna baridi kali, maana majani yatageuka manjano.

Kabla ya hapo chomoa mche mmoja utazame mizizi. Ikiwa imejizungusha chini ya tundu la trei kama uzi kwenye kibiringo, umechelewa. Mche wa namna hiyo hudumaa, ukatoa kisuke ungali mfupi, wakati wenzake wangefika mita moja na nusu. Kwa hiyo wiki hiyo ya kuzoeza jua ikiisha tu, hamishia ardhini bila kungoja, sentimita 30 kati ya mche na mche, mahali maji hayatuami.

Sasa hii busta. Picha za uwele wa kijani naletewa kila mara, na karibu kila mwenye picha ameshamwaga kitu. Nyingi ya chupa hizo zina naitrojeni kwa wingi. Naitrojeni ikizidi hunenepesha majani, yakawa laini na ya kijani zaidi, yaani kinyume kabisa cha ulichotaka, na upepo wa kwanza unalaza shina. Muuzaji halioni hilo, keshaweka hela mfukoni. Samadi iliyooza vizuri, ikichanganywa na udongo siku ya kupanda, kwa kawaida inatosha.

Na atarudi, muuzaji huyo. Masuke yakikomaa majani yatakauka, naye atakuuzia dawa ya ukungu. Mkatalie. Uwele ni mmea wa msimu mmoja, ukishazaa unakufa. Usidanganyike pia na mbegu zilizokusanywa kwenye masuke ya mtu. Purple Majesty ni chotara, watoto wake hawafanani na mama. Waachie ndege hizo mbegu, wanazipenda mno, nawe msimu ujao nunua pakiti mpya.