Kutoka Milima ya Usambara hadi Lami ya Moshi

Kuanzia Juni hadi Oktoba nilikimbia katika milima ya Usambara, nikipanda kutoka Lushoto kuelekea msitu wa Magamba na kurudi kwa njia za mashambani. Nilipojiandikisha kushiriki Kilimanjaro Marathon, mbio za barabarani zinazofanyika Moshi, niliamini kwamba sehemu kubwa ya maandalizi nilikwisha kuimaliza. Pumzi nilikuwa nayo, na mapaja yalikuwa yamekomaa kwa miteremko. Nilichopungukiwa nilikitambua Novemba, katika mbio ndefu ya kwanza ya lami: kufikia kilomita ya 18 moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa, lakini mashavu ya miguu yalikuwa yamekaza kiasi kwamba nililazimika kumaliza safari kwa kutembea.

Mlimani hatua hazifanani. Mkimbiaji hupanda akitembea huku mikono ikisukuma magoti, kisha huteremka, huruka mizizi, hukata kona, na kwa namna hiyo misuli hupokezana kazi bila yeye kujua. Barabarani, anayekusudia kumaliza kilomita 42.195 kwa saa 3 na dakika 45, akipiga hatua 170 kwa dakika, hupiga hatua zaidi ya 38,000, karibu zote za namna moja, juu ya sakafu ngumu, kwa misuli ile ile na kano ile ile ya kisigino. Ndiyo maana nasisitiza kwamba anayetoka mlimani asianze kwa kutafuta kasi, bali aanze kwa kuizoesha miguu yake kurudia jambo moja.

Mimi sikufanya hivyo. Niliihamishia barabarani karibu ratiba yangu yote kwa mkupuo, na katika wiki ya tatu nikapata maumivu ya muundi yaliyonilaza nje ya mazoezi kwa siku kumi na mbili. Mifupa na kano huchelewa kuzoea mzigo mpya kuliko moyo na mapafu, kwa hiyo pumzi nzuri aliyokuja nayo mtu kutoka mlimani ndiyo inayomponza, kwa sababu inamruhusu kukimbia zaidi ya kile ambacho miguu yake inaweza kukibeba. Nilipopona nilikimbia lami mara mbili tu kwa wiki, kilomita nane hadi kumi kila mara, na siku nyingine nikatumia barabara za udongo. Baada ya mwezi mmoja ndipo nilipoongeza siku ya tatu.

Suala la mwendo lilinisumbua kuliko yote. Mlimani tunahesabu saa na jitihada, na hakuna anayeuliza kilomita moja imechukua dakika ngapi. Kwa lengo langu, kila kilomita ilihitaji dakika 5 na sekunde 20, na mwanzoni nilikuwa nikikimbia moja kwa 4:50 na inayofuata kwa 5:45, nikidhani ni mwendo mmoja. Dawa yake ilikuwa zoezi la kila Jumatano: kilomita tano kwa 5:20 kamili, kilomita moja ya polepole, kisha kurudia mara mbili zaidi. Wiki za kwanza 5:20 iliniudhi kwa upole wake, na kujizuia kulinigharimu kuliko mpando wowote wa Magamba.

Angalieni pia umbo la barabara. Lami hujengwa ikiinama pembeni ili maji ya mvua yateremke, na anayekimbia upande mmoja kwa saa mbili huupa mguu mmoja kazi ya ziada hadi nyonga ikaanza kuuma. Palipo salama, nilichagua barabara tulivu za alfajiri nilizoweza kukimbia katikati.

Chakula nacho kilibadilika. Mlimani nilikula ndizi na viazi nikiwa natembea mpandoni, lakini barabarani hakuna mahali pa kutembea, hivyo nililazimika kulizoesha tumbo kupokea glukosi na maji kidogo kidogo kila baada ya nusu saa huku nikikimbia. Katika joto la Februari hilo si jambo la kujaribia siku ya mashindano.

Mlima sikuuacha kabisa, wala simshauri mtu auache. Hadi mwishoni mwa Januari nilibakiza siku moja ya kupanda kila wiki, na mbio yangu ndefu kuliko zote, kilomita 32, niliikimbia wiki tatu kabla ya mashindano.

Njia ya Moshi ina mtego wake kwa watu wa milimani. Nusu ya kwanza hupita barabara kuu iliyo karibu tambarare, kisha ndipo huanza mpando wa kuelekea Mweka, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, na wengi wetu hujifariji kwamba pale ndipo tutakapowapita wenzetu. Atakayewapita ni yule aliyefika pale na miguu mizima. Nilifika mwanzo wa mpando nikiwa na wastani wa 5:22, nikafupisha hatua kama nilivyozoea Lushoto, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba nikahisi kwamba miguu yangu inalijua eneo inalopita.