Waziri mkuu ni nani leo?

Mhariri umeuliza wiki hii: "Wananchi wa nchi unayoishi wamewachoka viongozi wao? Na kosa la nani?" Mi niko Perth, Australia, nimekuja huku 2009 kusoma mpaka leo sijarudi, na jibu langu ni ndiyo wamechoka, ila wamechoka kwa namna ambayo ukimweleza mtu wa nyumbani atakucheka. Nilimwambia kaka yangu yuko Tandika kwenye simu akaniuliza, hospitali unalipa? Nikamwambia hapana, kuna Medicare, bima ya afya ya serikali. Umeme unakatika? Mara chache. Akasema basi mdogo wangu nenda kalale.

Ngoja nieleze lakini.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Kuna maswali mzee anaulizwa kupima kumbukumbu, leo siku gani, mwaka gani, waziri mkuu ni nani. Mwezi wa nane 2018 nesi akamuuliza babu mmoja hivi, miaka themanini na kitu, zamani alikuwa fundi wa reli, waziri mkuu ni nani, babu akamwangalia akasema "mwanangu leo bado sijasikiliza redio". Tulicheka mpaka basi, nesi akampa maksi yake. Na babu alikuwa na haki, maana wiki ile Jumanne waziri mkuu Malcolm Turnbull kapigiwa kura na wabunge wa chama chake mwenyewe, kamshinda Peter Dutton 48 kwa 35, tukajua yameisha, Ijumaa wakapiga tena, safari hii Turnbull hayumo kabisa na Dutton aliyeanzisha vurugu yote naye kakosa, kaibuka Scott Morrison 45 kwa 40.

Kwa asiyejua, huku waziri mkuu humchagui wewe. Unachagua mbunge wa eneo lako, wabunge wa chama chenye wengi ndo wanaamua nani awaongoze, na waliyemweka wanaweza kumtoa, wanafunga mlango wanapiga kura, wakitoka nchi ina mtu mwingine. Wenyewe wanasema kiti kimemwagwa, kama ndoo. Kevin Rudd kamwagwa na Julia Gillard 2010, Gillard kamwagwa na Rudd yuleyule 2013, Tony Abbott kamwagwa na Turnbull 2015, Turnbull ndo hiyo nimeshasema. Hesabu kuanzia mwezi wa sita 2010 mpaka mwezi wa nane 2018, waziri mkuu kabadilika mara 5 na wananchi wamehusika mara 1 tu, Abbott alipomshinda Rudd kwenye uchaguzi wa 2013. Mi maombi ya uraia nilituma Abbott yupo, siku ya kula kiapo ukumbini Turnbull ndo bosi, jirani yangu wa kiti Mfilipino ananinong'oneza tumeapa kwa yupi sasa.

Na kinachowauma zaidi ni kwamba huku kupiga kura ni lazima, sheria tangu 1924, usipoenda faini dola 20, mdogo wangu wa kike ilimkuta hiyo barua akadhani ni utani. Yaani unaacha Jumamosi yako, unapanga foleni shule ya msingi, unapanga wagombea wote kwa namba 1, 2, 3 mpaka wa mwisho hata yule humtaki, unanunua soseji ya kwenye mkate na vitunguu vya kuchoma (mi naulizia kwanza kama ni halali, huwa wananiangalia kama nimeuliza bei ya jengo), halafu miaka miwili mbele kikundi cha watu kama 100 kinakubadilishia waziri mkuu asubuhi moja.

Ila mi sidhani shida ni kumwagwa kwenyewe. Kwetu shida imekuwa kumtoa mtu, hapa wanatoana kama dereva na konda, unaweza kusema afadhali yao. Shida ni kile kinachobaki kwenye kichwa cha anayefuata. Anaingia ofisini tayari anaangalia nyuma.

Mfano niliouona kwa macho yangu. 2010 nilikuwa mwanafunzi, usiku nasafisha maofisi mjini. Rudd mwezi wa tano akatangaza kodi mpya, 40% ya ile faida ya ziada ya migodi. Sasa hapa Western Australia ndo penyewe, chuma kinachimbwa kaskazini kinapandishwa meli kinaenda China, mji mzima unaishi kwa hilo. Wiki chache tu matajiri wa migodi wakaandamana hapa Perth, pale kwenye nyasi kando ya mto, Gina Rinehart ambaye miaka mingi sasa anatajwa tajiri namba moja wa nchi yuko juu ya lori, lulu shingoni, anapiga kelele kodi ifutwe! Mi sijawahi kuona bilionea anaandamana, nilidhani ile ni kazi yetu sisi. Na matangazo ya TV yao kila ukiwasha. Tarehe 24 mwezi wa sita Rudd hayupo. Sisemi ni migodi peke yake, watu wake mwenyewe walisema alikuwa hafanyi kazi na mtu, na ile sera yake ya makampuni kulipia hewa chafu alishaiweka pembeni baada ya kuisema sana, watu wakamshusha. Lakini Gillard alipoingia kakaa mezani na makampuni makubwa matatu, BHP, Rio Tinto na Xstrata, haikufika hata wiki mbili kodi imekonda, ikaanza 2012, 2014 Abbott akaifuta kabisa. Kila mwanasiasa aliyekuwa anaangalia taarifa ya habari kipindi kile alijua somo lake ni nini na mpaka leo hawajalisahau.

Kuna kitu kinaitwa Newspoll, utafiti wa maoni wa gazeti, kila baada ya wiki kadhaa unatoa asilimia. Turnbull alipomtoa Abbott alisema serikali imeshindwa Newspoll 30 mfululizo. Mwezi wa nne 2018 naye zikamfikia 30 zilezile. Sasa mtu anatawala kwa kuhesabu hivyo atajenga nini cha miaka kumi?

Baadaye wakabadilisha kanuni, Labor, chama cha Rudd na Gillard, 2013 wakasema kumtoa waziri mkuu inabidi 75% ya wabunge wao wasaini, Liberal, chama cha Abbott, Turnbull na Morrison, nao mwisho wa 2018 wakaweka theluthi mbili. Kumwagana kukapoa. Uoga ukabaki palepale, na kwa Morrison ukageuka kitu kingine kabisa, maana huyu alipoachiwa nafasi ya kupumua akaitumia hivi: 2019 misitu inaungua yeye likizo Hawaii, anahojiwa redioni anasema yeye si wa kushika mpira wa maji. Halafu wakati wa korona kajipa kimyakimya wizara 5 juu ya uwaziri mkuu, afya, fedha, hazina, mambo ya ndani na viwanda, nchi imekuja kujua 2022 ameshaondoka. Josh Frydenberg waziri wake wa hazina alikuwa anakaa naye nyumba moja kipindi cha korona, wanakula meza moja, na hakujua kama mwenzake ana funguo za ofisi yake! Bunge lilimpitishia azimio la kumlaumu na basi.

Na ile ya kompyuta kuwadai maskini, Robodebt, hiyo ndo iliyonifanya niache kusema siasa za huku ni vichekesho. Mfumo wa serikali ulichukua kipato cha mwaka cha mtu aliyewahi kupokea ruzuku ukakigawa sawasawa kwa wiki mbili mbili, kibarua aliyefanya kazi miezi mitatu akaonekana alikuwa na kazi mwaka mzima, kwa hiyo "umetuibia ruzuku, lipa". Niliosha nao ofisi watu waliopata zile barua. 2020 serikali ikakubali kurudisha pesa za madeni 470,000, na tume iliyochunguza 2023 ikasema haikuwa haki na haikuwa halali. Miaka mingapi mawaziri waliambiwa, hamna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema tumekosea.

Sasa wanaojua watasema hayo yamepita, 2025 Anthony Albanese wa Labor, waziri mkuu toka 2022, kashinda viti 94 kati ya 150, Dutton aliyekuwa kiongozi wa upinzani kapoteza hadi kiti chake cha ubunge. Kweli. Ila angalia karatasi zenyewe, kati ya watu 100 kama 35 tu waliweka Labor namba 1, wengine wengi wamefika kwa namba 3 namba 4 baada ya wagombea wao kushindwa, wanachagua wasiyemchukia sana. Mtu wa hivyo anajua mapenzi ni ya mkopo. Kubwa alilothubutu ni ile kura ya maoni ya 2023 ya kuwapa wenyeji wa asili wa nchi hii chombo chao cha kulishauri bunge, 60% wakasema hapana, majimbo yote 6 hapana, na toka siku hiyo mi naona anatembea kama mtu aliyekuta sakafu imepigwa deki. Nabishiwa hapo, rafiki yangu mmoja ananikumbusha 2024 alipangua punguzo la kodi ili wa kipato cha chini wapate zaidi. Sawa, nampa hiyo.

Ila nyumba jamani. Huku kwa miaka mingi mwenye nyumba ya kupangisha akisema amepata hasara amekuwa anaikata kwenye mshahara wake kabla haujatozwa kodi, na akija kuiuza faida yake inatozwa nusu tu. Labor chini ya Bill Shorten walisema watapunguza hayo, 2016 wakakosa, 2019 wakakosa uchaguzi uliodhaniwa wameshaupata, 2022 na 2025 wakaja bila hiyo sera. Kodi ya nyumba ninayopanga ilikuwa dola 380 kwa wiki 2020, leo 650, nyumba ileile, bomba la jikoni lilelile linavuja.

Nilienda ofisi ya mbunge wangu kulalamika. Kijana mmoja mstaarabu sana akaniandika jina, akanisikiliza dakika ishirini, akanipa kalenda na sumaku ya friji yenye picha ya mheshimiwa anatabasamu. Ndo imeshika ile barua ya kupandishiwa kodi.

Baba Nasra, Perth