Mfumo wa Kazi Ukikutoa Nje Kabla Hujamaliza

Ilikuwa tarehe 28, siku ambayo mhasibu hana nafasi hata ya kunywa chai. Nilikuwa ofisini hapa Nakuru nikijaza malipo ya vibarua 63: siku walizofanya kazi, saa za ziada, makato. Asubuhi hiyo mama mmoja kati yao alikuwa amenipigia simu kuuliza kama pesa ingeingia kwa M-Pesa kabla ya saa kumi, maana mtoto wake alikuwa ametumwa nyumbani kwa sababu ya karo. Nilijaza kwa dakika 40 hivi bila kuinua kichwa. Nikabonyeza kitufe cha kutuma. Ukurasa ukazunguka, kisha nikaletewa mahali pa kuandika barua pepe na nenosiri. Nilipoingia tena, fomu ilikuwa tupu.

Pesa za yule mama zilifika saa kumi na mbili jioni. Jambo hilo liliniuma, na ndilo lililonifanya nikae chini na kijana wetu wa IT anieleze, hatua kwa hatua, kwa nini mifumo hii hututoa nje. Nimekuwa nikiwasaidia wenzangu tangu siku hiyo, na naona wengi wanabadilisha nenosiri bure wakati nenosiri halina kosa lolote.

Fikiria jengo la ofisi pale Kenyatta Avenue. Askari wa getini anachukua kitambulisho chako, anakuandika kitabuni, anakupa beji. Ukipanda kwa wakili orofa ya pili, kisha kwa watu wa bima orofa ya tatu, hakuna anayekudai kitambulisho tena. Wanaangalia beji, kila ofisi inakuandika kwenye daftari lake, unahudumiwa. Mpango wa kuingia mara moja tu ukatumia mifumo yote ya kazi hufanya hivyo hivyo. Geti ni ule ukurasa mmoja wa kampuni unaokuuliza nenosiri na namba ya uthibitisho inayotokea kwenye simu yako. Ofisi za juu ni mfumo wa mishahara, wa likizo, wa barua pepe, wa stoo. Beji yenyewe ni kuki, faili dogo ambalo kivinjari chako (kama Chrome) hulitunza na kulionyesha kila unapofungua ukurasa. Lou Montulli alizibuni kuki mwaka 1994 akiwa Netscape, kwa sababu tovuti kwa asili yake haikumbuki mtu: kila ukurasa unaoufungua, kwake wewe ni mgeni mpya.

Kwa hiyo kuna saa mbili zinazohesabu, ya geti na ya kila ofisi. Ukitolewa nje, tazama kwanza kilichotokea. Kama skrini imepepesa tu ukajikuta umerudi ndani bila kuulizwa kitu, daftari la ofisi moja ndilo lililokusahau na beji yako bado ni nzima. Kama umeulizwa nenosiri na namba upya, beji ya getini imekwisha. Na kama kila asubuhi mifumo yote inakuuliza upya kwa pamoja ilhali wenzako hawaulizwi, shaka yangu ya kwanza iko kwenye kivinjari chako: kimewekwa kufuta kuki kinapofungwa, au unafanyia kazi kwenye hali fiche (incognito), au kuna programu ya kusafisha kompyuta inayofuta kila kitu usiku. Dada mmoja wa ununuzi alihangaika wiki tatu kwa sababu ya programu kama hiyo. Tuliiambia isiguse kuki za kazini, shida ikaisha siku hiyo hiyo.

Narudi kwenye ile fomu yangu, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopoteza kazi. Nilidhani kwamba maadamu naandika, mfumo unaniona. Mara nyingi hauoni. Seva, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha mfumo, huhesabu tu yale yanayoifikia: ukifungua ukurasa, ukihifadhi, ukituma. Kuandika ndani ya fomu na kusogeza kipanya hubaki kwenye kompyuta yako, isipokuwa mfumo uwe umetengenezwa kuhifadhi wenyewe. Mfumo wetu wa mishahara ulikuwa unangoja dakika 30 za ukimya, mimi nikanyamaza 40.

Siku hizi hesabu ndefu naziandaa kwanza kwenye jedwali langu la kompyuta, kisha nazihamisha. Nikilazimika kujaza moja kwa moja, nahifadhi rasimu kila baada ya watu kumi. Na kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma baada ya muda mrefu, nafungua mfumo ule ule kwenye kichupo (tab) kingine nione kama bado niko ndani. Nikikuta nimetolewa, naingia upya kupitia kichupo hicho kipya, kisha narudi kwenye kile cha fomu na kutuma. Mara nyingi inakubali, kwa sababu vichupo vyote vya kivinjari kimoja hutumia kuki zile zile. Lakini nakili maandishi yako kwanza, maana mifumo mingine hukataa fomu iliyofunguliwa kabla ya kuingia upya.

Kosa lingine ninaloliona sana ni la alamisho (bookmark), ile anwani unayoihifadhi kwenye kivinjari. Mtu anafika kwenye ukurasa wa kuandika nenosiri, anauhifadhi pale pale ili kesho asihangaike. Anwani ya ukurasa huo huwa ndefu, imejaa namba zilizotengenezwa kwa safari hiyo moja tu. Kesho yake anapewa kosa, anadhani akaunti imefungwa. Ingia kwanza, fika ukurasa wa mwanzo wa mfumo wenyewe, hifadhi huo. Na ukiwa na akaunti yako ya binafsi na ya kazi kwenye kivinjari kimoja, tengeneza wasifu (profile) mbili tofauti za kivinjari, maana geti likikukuta na beji mbili hukuchanganya.

Kuna pia saa ya kompyuta, na hili wengi hawalidhanii. Ofisi yetu ina kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani ilikufa. Kila stima ikipotea, na huku hupotea, inawaka ikidhani ni miaka mingi nyuma. Kivinjari kikiangalia cheti cha usalama cha tovuti ambacho kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kinaona cheti hicho hakijaanza kutumika, kinakataa kufungua. Ukiweka tarehe sawa, mambo yanarudi. Simu nayo ni vile vile: zile namba za programu ya uthibitisho hubadilika kila sekunde 30 kwa kufuata saa, kwa hiyo iache simu ijiwekee saa yenyewe.

Sasa, kubaki ndani si jambo zuri kila mahali. Ukiulizwa kama ungependa kubaki umeingia, kubali kwenye laptopu inayotumiwa na wewe peke yako na inayojifunga ukiondoka. Kwenye kompyuta ya mapokezi au ya saiba, kataa. Mwaka jana kijana wa mafunzo aliniita: "Madam, mbona hapa naona mshahara wako?" Nilikuwa nimetumia kompyuta ya mapokezi, nikatoka vizuri kabisa kwenye mfumo wa mishahara, nikaenda zangu. Nilitoka ofisi ya orofa ya tatu lakini sikurudisha beji getini. Yeye alibonyeza kiungo cha mishahara tu, geti likadhani ni mimi, likamwingiza bila kumuuliza. Ningekuwa nimeacha wazi orodha ya vibarua wote, hizo zingekuwa taarifa za watu ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatudai tuzitunze. Kwenye kompyuta ya pamoja, toka kwenye ukurasa wa geti lenyewe, kisha funga kivinjari chote, halafu kifungue uone kama unaulizwa nenosiri.

Na simu yako ikikuomba uidhinishe kuingia wakati wewe hujajaribu kuingia popote, kataa na uwapigie watu wa IT muda huo huo. Huenda kuna mtu ana nenosiri lako.

Ukienda kwa IT, usiseme tu "mfumo unanitoa." Andika ni mfumo upi, saa ngapi, uliulizwa nenosiri au hukuulizwa, na upige picha ya ujumbe wa kosa. Mimi nilienda kuomba muda uongezwe uwe siku nzima. Yule kijana alikataa, na leo namuunga mkono, kwa sababu mtu akiiba kuki iliyo hai hahitaji nenosiri langu. Badala yake aliomba waliotengeneza mfumo waifanye fomu ya vibarua ijihifadhi yenyewe kila dakika 5 ninapoandika. Ilichukua miezi miwili. Zile dakika 30 za ukimya ziko pale pale, na tarehe 28 iliyopita niliinuka kwa zaidi ya nusu saa nikiwa jina la 41, nikatolewa nje. Nilipoingia tena, lilikuwa pale likinisubiri.