Farasi mpya analia usiku kucha? Tazama kwanza kama analala

Umesema leo ni siku ya 5 tangu farasi wako afike. Yuko peke yake, anatembea kandokando ya uzio huku akilia, majani anayaonja na kuyaacha, na ukienda kumbembeleza anatulia, ukiondoka anaanza upya. Umeuliza kama hali hiyo itaisha yenyewe, na lini uanze kumpanda. Nimeyapitia hayo, na nilikosea mengi, kwa hiyo niwie radhi kwa urefu wa jibu.

La haraka kwanza, maana haliwezi kungoja hadithi yangu. Tumbo la farasi hutoa asidi muda wote, awe anakula au hali. Akikaa saa nyingi bila kutafuna, asidi inamuunguza na vidonda vinaanza, na utumbo ukilegea anapata msokoto wa tumbo, ambao unaua. Siku 5 za kuonja tu ni nyingi. Mwite daktari wa mifugo hata kama unaona ni upweke tu. Kabla hajafika, hesabu mavi: farasi mzima hutoa kama mara 8 hadi 12 kwa siku. Maji mpe kwenye ndoo ili ujue kiasi anachokunywa. Farasi mkubwa hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na wengine hugoma kwa sababu tu maji ya mahali papya yana ladha ngeni. Mapigo ya moyo akiwa ametulia ni 28 hadi 44 kwa dakika. Ukimwona anaparapara chini kwa kwato, anageuka kutazama ubavu wake, anagaagaa, au hatoi mavi, usisubiri kupambazuke.

Na kama ulimbadilishia chakula siku ile ile aliyofika, kama nilivyofanya mimi, rudi alikotoka ukaombe majani aliyoyazoea. Changanya kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10.

Sasa upweke wenyewe. Farasi wangu, Tausi, nilimchukua akiwa na miaka 9. Alikotoka walikuwa 6 na hakuwahi kulala peke yake maishani mwake. Aliposhuka kwenye gari aliinua kichwa, tundu za pua zikapanuka, akalia mlio mrefu ulioutikisa mwili mzima mpaka mkia. Kisha akanyamaza, masikio mbele. Akalia tena, akanyamaza tena. Ilinichukua muda mrefu kuuelewa ule ukimya wa katikati: alikuwa akiita, halafu anasikiliza kama kuna atakayeitika.

Mimi nikadhani ananiita mimi. Kila akilia nilikimbia. Nilikaa naye saa nzima, saa mbili, nikampa vitu vitamu, nikamsugua kwa brashi hadi nywele zikang'aa. Alitulia kweli, nami nikafurahi. Kumbe nilikuwa nazidisha tatizo, kwa sababu nilijifanya kundi lake, na kila jioni kundi hilo lilifunga lango likaenda kulala kwake.

Wiki ya 3 niliona vidonda kwenye miguu yake ya mbele, upande wa mbele wa kiungo kilicho juu kidogo ya kwato. Manyoya yamechunika, kidonda kama sarafu, miguu yote miwili. Nikajua amegonga uzio. Daktari alipokuja hakuutazama hata huo uzio. Aliinama, akavishika vile vidonda kwa kidole gumba, akaniuliza, "Mara ya mwisho umemwona amelala chini ni lini?" Sikuwa na jibu.

Akanieleza jambo ambalo ningependa kila anayenunua farasi mmoja alijue. Farasi husinzia amesimama, miguu yake imeumbwa kujifunga isimwangushe. Lakini usingizi mzito, ule wa misuli kulegea kabisa, hawezi kuupata mpaka alale chini. Hahitaji mwingi, nusu saa hivi hadi saa moja kwa siku, tena kwa vipande. Ila mnyama anayewindwa halali chini ovyo. Kundini wengine wakijilaza, mmoja hubaki amesimama akilinda. Akiwa peke yake, mlinzi ni yeye usiku kucha, na hapokewi zamu. Basi usingizi unamzidi akiwa wima, magoti yanakunjika, anajigonga chini, anashtuka, anasimama. Vidonda vya Tausi vilitokana na hayo.

Kwa hiyo asubuhi, kabla hujasafisha banda, mtazame ubavu na mkia. Ukikuta madoa ya mavi ubavuni au mabua ya matandazo kwenye mkia, alilala. Ukikuta safi siku baada ya siku, ana deni la usingizi. Hakikisha pia matandazo ni makavu na mazito, na nafasi inamtosha kuinuka bila kujigonga ukutani. Na daktari amkague miguu na mgongo, kwa sababu farasi mwenye maumivu ya viungo naye huogopa kulala chini.

Dawa ya upweke ni mwenzake. Najua si jibu jepesi, ila sitakudanganya. Uswisi waliliweka kwenye sheria mwaka 2008: kila farasi lazima aweze kumwona, kumsikia na kumnusa mwenzake wa jamii ya farasi. Mbuzi ni bora kuliko utupu, na wapo farasi wanaoshikamana na mbuzi kweli, lakini mbuzi hawezi kumkuna. Punda anafaa zaidi, ila apimwe na apewe dawa ya minyoo ya mapafu kwanza, kwani punda huibeba bila hata kukohoa na kumwambukiza farasi. Mimi nilimpata farasi mzee wa miaka zaidi ya 20, aliyestaafishwa kupandwa. Wazee kama huyo wanatafutiwa makao mara nyingi, na utulivu wao ni zawadi kubwa.

Usiwachanganye siku ya kwanza. Mgeni wangu nilimtenga siku 21, wakionana kwa mbali bila kugusana, ndoo mbalimbali, joto la mwili nikipima kila siku (kawaida 37.5 hadi 38.5), kwa kuhofia maambukizi ya matezi ya koo. Baadaye wakatenganishwa na uzio mmoja imara. Mwisho uwanja mpana usio na kona ya kumbana mmoja wao, na mafungu ya majani 3 kwa farasi 2. Siku ile walipiga makelele, wakalaza masikio, wakafukuzana. Hilo liache. Ingilia pale tu mmoja anapokosa pa kukimbilia au anaponyimwa chakula kabisa.

Siku ya 4 niliwakuta wamesimama wakielekeana kinyume, kila mmoja anamkuna mwenzake kwa meno pale shingo inapokutana na mgongo. Watafiti walishapima: farasi akikunwa hapo, mapigo ya moyo yanashuka. Tangu siku hiyo simpigipigi Tausi shingoni tena, namkuna hapo kwa kucha. Wiki ile ile nilikwenda bandani alfajiri nikamkuta amejinyoosha ubavuni kabisa, mdomo wa chini unacheza, mguu mmoja unapapatika kama anayekimbia ndotoni. Yule farasi mzee alikuwa amesimama kando yake, hatua moja tu, akinitazama mimi.

Mpaka mwenzake apatikane, usimkimbilie akilia. Nenda akiwa kimya, ukae dakika chache, uondoke kabla hajaanza kuhangaika, na urudi mara nyingi kwa siku. Chakula saa zile zile, mtu yule yule kama inawezekana. Majani yatawanye sehemu kadhaa ili atembee akitafuta. Kioo kisichovunjika kikifungwa vizuri bandani kinawasaidia baadhi yao, hasa wanaoyumbayumba mlangoni, ila mwangalie siku za mwanzo asije akakishambulia.

Kumpanda, ningengoja. Kwanza ale kawaida, alale chini, na aweze kukuona unaondoka bila kupiga mbio kwenye uzio. Tausi alichukua wiki 10 hivi, na wiki mbili za mwisho tulitembea tu kwa kamba, mimi mbele, mzee akitufuata nyuma bila kushikwa.